Vioo vya Jumatatu

Mwalimu Cephas Odera alikutwa kifudifudi chini ya sinki la maabara, nywele zake nyeupe pe. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita tu. Weupe ule haukuwa mvi. Ulikuwa unga, mwororo kuliko unga wowote uliopata kupita kwenye chekecheo, na ulikuwa umeporomoka kutoka kwenye kopo lililopinduka ukingoni mwa meza. Kisogoni ulikuwa umelowa damu ukagandamana.

Inspekta Mokaya wa Upelelezi wa Jinai, Homa Bay, alichuchumaa kando ya maiti, magoti yakalia. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu na kazi ilikuwa imemtoka moyoni kitambo. Maiti hazikumtisha tena. Waliomchosha ni walio hai, na ile haraka yao ya kumpata mtu wa kumlaumu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Julai ya mwaka wa tisini na saba, katika shule ya sekondari nje kidogo ya Rangwe. Daktari wa polisi alipima, akaandika, akasema mwalimu alikufa Jumapili baina ya saa nane na saa kumi alasiri, wakati wanafunzi walikuwa ukumbini kwa ibada. Pigo lilikuwa moja tu, la chuma kirefu, kutoka nyuma.

Mokaya aliiangalia mikono ya marehemu. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa na kutu mbichi.

"Piga picha hivi vidole," alimwambia Sajini Nchagwa. Sajini huyu alikuwa mtu mzima wa Kehancha, mpole, ambaye kabla ya kuvaa sare aliwahi kuchimba dhahabu Masara kwa misimu mitatu.

Kisha Mokaya akazunguka chumba. Kila kitu kilikuwa na ukungu wa unga ule: meza, rafu, chupa, hata dirisha. Tanuri dogo la umeme lililosimama pembeni, na bomba lake la moshi lililotoboa paa, lilikuwa jeupe pia. Kitu kimoja tu kiling'aa. Koleo refu la chuma, la kutolea vitu motoni, lilikuwa limeoshwa likatundikwa kwenye msumari wake.

Aliita aliyemkuta marehemu. Alikuwa mtunza maabara, Kezia, mjane wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Masara, aliyekuwa amefanya kazi pale miaka minne.

"Ulimkuta saa ngapi?"

"Saa moja kasoro, afande. Nilikuja kufagia."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kanisa. Halafu nyumbani na mtoto."

"Mwalimu alikuwa na mazoea ya kuja hapa Jumapili?"

"Hapana. Jumapili hakuwa anakuja."

Alijibu akitazama sakafu, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Mokaya akamwuliza ule unga ni wa nini. Hapo ndipo mama yule alipoinua uso, na kwa dakika chache akasahau kulia.

"Hiyo ni titani. Ni kama ile wanaweka kwa rangi ya nyumba, lakini hii chembe zake ni ndogo sana. Mwalimu alisema ukipanga elfu kadhaa zinatosha unene wa unywele. Ile ya rangi ya nyumba haishiki jua. Hii inashika."

Akamweleza yote, na akaeleza vizuri kuliko walimu wengi. Odera alikuwa amesoma Ulaya akarudi na ndoto ya kutengeneza vioo vya umeme wa jua kwa mikono, bila kiwanda. Alipaka unga ule juu ya kioo, akauoka tanurini mpaka chembe zikashikana kama sifongo yenye matundu yasiyoonekana kwa jicho. Kisha akailowesha ile sifongo katika rangi ya zambarau, hizi ambazo wenyeji huziita jamna. Rangi ikanasa mwanga, unga ukabeba umeme, na tone la iodini katikati likairudishia rangi ilichopoteza. Kioo cha pili kikafunika. Odera alitaka vioo hivyo viwashe taa kwenye zahanati za kando ya ziwa, ambako wanawake walikuwa wakijifungua kwa koroboi.

"Na vilifanya kazi?"

"Vingine vilifanya. Vingine vilikufa. Mwalimu hakujua kwa nini. Miaka mbili alikuwa anatafuta."

Kwenye mtoto wa meza ya marehemu walikuta daftari nene la vipimo na barua kutoka chuo kikuu kilichokuwa kikimfadhili. Barua ilikuwa fupi na ya adabu, adabu ile inayoumiza kuliko tusi. Ilisema matokeo yake hayarudiwi, kwamba siku moja kioo kinatoa umeme wa kutosha na siku nyingine kioo cha aina ileile hakitoi kitu, na kwamba wanakamati wameanza kushuku kuwa nambari nzuri zimetungwa. Msaada ungekatwa mwisho wa Julai.

Mokaya alikunja barua akairudisha kwenye bahasha. Alijisikia vibaya, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mwenzake uchi.

*

Jumanne walimkamata Mahmud.

Haikuwa kazi ngumu. Bawabu wa shule alikuwa na kitabu cha wageni, na kitabu kilionyesha kwamba Jumapili saa tisa kasorobo pikapu ya Mahmud, mfanyabiashara wa Migori anayenunua dhahabu, iliingia, ikatoka saa tisa na nusu. Dukani kwake, chini ya mizani, walikuta kitambaa cheupe chenye madoa mekundu. Kitambaa kilikuwa cha aina ileile ya vitambaa vya kufutia vioo maabarani.

Mahmud alikuwa mtu wa makamo, aliyezaliwa Mombasa, na miaka ishirini ya kuishi Migori ilikuwa haijamtoa Kiswahili chake mdomoni.

"Ulikwenda shuleni kufanya nini?"

"Nilikwenda kumwona mtu. Hakutokea. Nikangoja garini, nikachoka, nikarudi zangu."

"Mtu gani?"

"Hilo sitokwambia, Bwana Inspekta."

"Mwalimu Odera?"

"Wallahi simjui hata sura."

"Na hii damu kwenye kitambaa?"

"Sijui kama ni damu. Mimi Jumapili ya nyuma nilipewa kitambaa kimefungiwa kitu, kitu nikakichukua, kitambaa kikabaki."

"Ulipewa na nani?"

Mahmud alifumba mdomo. Mokaya alimweleza waziwazi kwamba kosa la mauaji adhabu yake ni kitanzi, na kwamba kukaa kimya kwake kunamsogeza huko hatua kwa hatua. Mzee yule alitikisa kichwa. Alisema kuna watu wanyonge waliomwamini, hawana leseni wala mtetezi, na akiwataja watakamatwa wote. Yeye hakuua, na Mungu anajua.

Mkuu wa upelelezi wa wilaya hakuwa na muda wa Mungu kujua. Watu wa Rangwe walikuwa wameanza kukusanyika nje ya kituo, na huko Migori mtu alikuwa amevunja kioo cha duka la Mahmud. Akamwita Mokaya ofisini akamwambia kwamba Ijumaa anataka mtu huyo asimame mbele ya hakimu. Alikuwapo, ana kitambaa cha maabara, kitambaa kina damu, hataki kusema. Unataka nini zaidi?

Mokaya alikuwa na la kutaka zaidi, lakini hakulisema. Miaka sita nyuma alimpeleka kortini mchunga ng'ombe kwa ushahidi wa shati lenye damu. Majibu ya Mkemia wa Serikali yalipofika kutoka Nairobi miezi mitano baadaye, damu ilikuwa ya mbuzi, na yule mchunga ng'ombe alikwisha kufa rumande kwa kuhara. Mokaya mwenyewe alipeleka habari ile kwa mjane wa marehemu, kwa mguu. Hakuwa tayari kumzika mtu wa pili kwa kitambaa. Siku tatu zilikuwa zimebaki, na Nairobi ilikuwa mbali.

*

Jumatano asubuhi alichukua kitambaa akaenda nacho hospitalini Homa Bay, kwa Edith, mtaalamu wa maabara, mwanamke mkali asiyependa polisi kwa sababu polisi walimletea vielelezo vimefungwa kwenye magazeti.

"Inspekta, hii mimi si kazi yangu. Peleka Nairobi."

"Nairobi watanijibu mwezi wa kumi na mbili. Nina mtu ndani, dada yangu. Niambie tu kama ni damu."

Edith alikata kipande kidogo, akakidondoshea dawa zake mbili, akangoja. Hakukutokea kitu. Akarudia. Akasonya. Kisha akakigeuza mwangani, akakisogeza karibu na jicho.

"Hii nyekundu haijakuwa kahawia. Damu ya siku tatu ingekuwa kahawia."

Akawasha taa ya spiriti akakishika kile kipande kwa kibanio juu ya moto, mbali kidogo kisiungue, uso wake ameugeuza pembeni. Mokaya aliona jambo ambalo hajapata kuliona katika miaka yake thelathini ya kazi. Doa jekundu liligeuka njano mbele ya macho yake, njano safi ya kiini cha yai. Edith alikitoa motoni akakiweka juu ya kigae. Baada ya muda kidogo njano ikaanza kurudi nyekundu, kutoka pembeni kwenda kati.

"Damu haifanyi hivyo," alisema Edith. "Tulifanya hii chuoni mara moja. Ni zebaki imekutana na iodini. Sasa osha mikono, na usishike hiyo kitu tena."

Sajini Nchagwa, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliposikia neno zebaki alivua kofia.

"Afande, zebaki ni dhahabu," alisema. "Kule Masara hakuna mtu anaosha mchanga bila mekuri, ndio hiyo zebaki. Unachanganya, inakamata dhahabu, inakuwa donge nyeupe. Halafu unachoma hiyo donge. Zebaki inapanda na moshi, dhahabu inabaki."

"Unachoma wapi?"

"Kwa jiko. Nyumbani. Wengi ni akina mama."

Mokaya alikaa juu ya kiti cha wagonjwa. Zebaki ya Masara na iodini ya mwalimu Odera zilikutana kwenye kitambaa kimoja. Kitambaa hakikuchafuka siku ya mauaji. Kilichafuka polepole, kikiwa kimefungiwa dhahabu na kufichwa mahali penye chupa ya iodini. Basi Mahmud alikuwa akisema kweli. Alipewa kitu. Na aliyempa alikuwa mtu wa maabara.

Alipaswa kufurahi kwamba Mahmud ameanza kuepuka kamba. Hakufurahi. Alikwisha kulikumbuka lile koleo lililooshwa. Muuaji mwenye akili timamu angelitupa chooni. Mgeni angeliacha sakafuni akakimbia. Ni mtu mmoja tu ambaye angeliosha na kulitundika mahali pake, kwa sababu miaka minne alikuwa akifanya hivyo kila jioni.

*

Lakini kuoshwa kwa koleo si ushahidi, na usiku ule alilala na daftari la Odera kifuani.

Odera alikuwa mwandishi nadhifu. Kila kioo kilikuwa na nambari, tarehe, ukubwa wa chembe, muda wa kuoka, na umeme kilioutoa. Alijaribu chembe ndogo peke yake, akachanganya ndogo na kubwa kidogo ili mwanga uzungukezunguke ndani kabla ya kutoka, akapaka tabaka mbili, kisha tatu. Mokaya hakuelewa nusu yake. Alichokielewa ni zile alama za msalaba mwekundu. Kila kioo kilichokufa kilikuwa na msalaba, na kando yake Odera aliandika shaka yake ya siku hiyo. Maji ya mvua. Unyevu. Unga umezeeka. Baadaye shaka zilibadilika. Mikono yangu. Macho yangu. Pengine mimi si mtu wa kazi hii.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Ijumaa, siku mbili kabla ya kifo. Ulikuwa na maneno manne tu: Kwa nini Jumatatu tu?

Asubuhi Mokaya alichukua kalenda akahesabu. Odera alioka vioo mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Vioo vya Alhamisi viliishi. Vioo vya Jumatatu vilikufa, Jumatatu baada ya Jumatatu, miaka miwili. Zilikuwapo Jumatatu tatu tu ambazo vioo vyake viliwaka, zote za mwezi wa nne mwaka huohuo, zikifuatana.

Akapiga simu kwa mwalimu mkuu. Akaomba daftari la mahudhurio ya wafanyakazi, mwezi wa nne.

"Ni Kezia," sauti ilisema baada ya karatasi kupekuliwa. "Alikuwa likizo wiki tatu. Mtoto wake alilazwa Homa Bay."

Basi kila Jumapili kulikuwa na kitu kilichoingia katika tanuri lile na kuacha pumzi yake ukutani, na kila Jumatatu Odera alioka vioo vyake ndani ya pumzi hiyo. Zebaki ilikuwa ikiila iodini na kuyaziba matundu ya unga. Kufika Alhamisi tanuri lilikuwa limejisafisha.

Alhamisi saa nne walikuwa tena chini ya lile sinki, Mokaya na Nchagwa, na spana. Bomba la chuma lilikuwa limepinda kama shingo ya bata kabla ya kuingia ukutani. Nchagwa alishika nati, akashangaa.

"Afande, hii imeshafunguliwa nusu."

Kutu ya nati ilikuwa imechubuka, na alama za vidole zilionekana bila hata kioo cha kukuzia. Mokaya alikumbuka vidole vya marehemu. Walimalizia kuifungua, wakakinga beseni. Maji machafu yakatoka, kisha matone ya zebaki yakikimbizana, kisha kwa kishindo kidogo, moja baada ya jingine, madonge manane ya dhahabu, ya manjano iliyofifia, yenye matundumatundu.

Nchagwa alichuchumaa kando ya beseni. Alikuwa akiyajua madonge yale. Aliwahi kuota kuhusu madonge yale kwa misimu mitatu.

*

Walimkuta Kezia nyumbani kwake, chumba kimoja nyuma ya soko la Rangwe. Binti yake, Orpah, msichana wa miaka sita, alikuwa kwenye mkeka akijaribu kunywa uji. Kikombe kilikuwa cha plastiki na alikishika kwa mikono miwili, lakini mikono ilikuwa ikitetemeka yenyewe, na uji ulimwagika kifuani. Alimtazama mama yake kuona kama atagombezwa. Hakugombezwa.

"Min Orpah," Mokaya alimwita kwa jina la mtoto, kama watu wa pale, "tafuta jirani wa kukaa na mtoto. Tunaenda Homa Bay."

Hakuuliza kwa nini. Alimfuta mtoto kifua, akabadilisha gauni lake, akaenda kumwita jirani.

Kituoni Mokaya alimpa onyo la sheria, kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema litaandikwa neno kwa neno. Akamwuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa. Mokaya akaweka mezani kitambaa, kisha daftari la mahudhurio, kisha kalenda.

"Ulikuwa unachoma dhahabu kwenye tanuri la shule kila Jumapili."

"Ndio."

"Ya nani?"

"Ya akina mama wa Masara. Wako nane. Jumamosi naenda, wananipa donge zao, kila mtu na yake. Jumapili nachoma. Mahmud anakuja kuchukua. Hawana leseni, afande. Usiandike majina yao, tafadhali."

"Sijakuuliza majina. Kwa nini hawachomi kwao?"

Nchagwa alimsogezea Kezia maji, naye akayasukuma kando.

"Umemwona Orpah," alisema. "Alizaliwa mzima huyo. Mimi nilikuwa nachoma kwa jiko, kwa nyumba, yeye nimembeba mgongoni. Ile moshi haina harufu, afande. Haina hata rangi. Ukiona mtoto ametulia unasema amelala. Alipofika miaka mbili mikono ikaanza. Daktari akaniuliza nachoma nini nyumbani, ndio nikajua."

Alisema alipotimiza miaka miwili maabarani aliutazama moshi wa tanuri ukipanda bombani, ukatoka juu ya paa. Alimwuliza mwalimu, na mwalimu akamwambia moshi huo hauwezi kumgusa mtu. Akawaza wale wanawake wanane waliobaki Masara na watoto wao migongoni. Akaenda akawaambia, msichome tena jikoni, nileteeni mimi. Tangu siku hiyo, miaka miwili, hakuna mtoto wa nyumba zile aliyeanza kutetemeka. Hili alilisema akimtazama Mokaya usoni, na lilikuwa jambo pekee alilolisema bila aibu.

"Na vioo? Ulijua unaviua?"

"Sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Kila Jumatatu nilisimama na yeye hapo, tunaosha, tunabadilisha maji. Siku moja alilia. Nilimpikia chai. Ningejua ni mimi ningeacha."

"Mbona hukumwomba ruhusa toka mwanzo?"

"Ningesema nini? Mwalimu, nipe tanuri ya serikali nichome dhahabu ya watu hawana leseni? Angefukuzwa yeye na mimi."

Mokaya aliandika. Kalamu ilikuwa nzito. Alimwuliza kuhusu Jumapili.

Kezia alisema alikuwa ameshachoma, amelitoa bakuli motoni kwa koleo, madonge bado ya moto, mlango ulipofunguliwa. Odera hakupiga kelele. Alisimama akitazama bakuli, kisha tanuri, kisha yeye, na akacheka kicheko kidogo kibaya. Akatoa ile barua mfukoni akamsomea yote, akimtafsiria. Akasema atamwandikia profesa leo leo, na kesho atamwambia mwalimu mkuu, kila kitu, na kila jina, ili wajue hakuwa mwongo. Kezia akapiga magoti. Akamwomba aandike kwamba ni tanuri tu, asitaje watu. Mwalimu akasema hapana, wataniuliza nani, na bila jina nitakuwa mwongo tena. Kisha akaiweka barua mtoto wa meza, kwa utaratibu wake wa siku zote, na akarudi akalichukua bakuli kwa kitambaa.

"Akamwaga yote kwa sinki. Nilisikia ikilia kwa maji. Kazi ya akina mama wanane, afande, wiki nzima wameinama kwa mto. Nilimwona anaangalia sinki, anaangalia mikono yake. Halafu akainama chini, akaanza kufungua huko chini. Nilijua anafungua maji iibebe kabisa, nisipate hata kidogo. Koleo ilikuwa bado kwa mkono yangu."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Moja. Nilikuwa nataka aache tu."

Mokaya alikuwa na uchaguzi, na aliujua. Angeweza kuifunga taarifa hapo. Lakini siku moja wakili angemwambia mahakamani, mbele ya watu, na aliona ni heri alisikie hapa.

Aliweka beseni mezani. Madonge manane yalikuwa ndani, yameoshwa.

"Bomba lile limepinda, Kezia. Kitu kizito hakiendi popote, hukaa pale kwenye mpindo. Wewe huosha sinki juu tu?"

"Juu. Chini ni kazi ya fundi."

"Mwalimu alikuwa mtu wa kemia. Alijua. Alikasirika akamwaga, halafu moyo ukamgeuka. Nati tulikuta imefunguliwa nusu kwa vidole vyake. Alikuwa anakutolea."

Kezia aliyatazama madonge. Midomo yake ilisogea akihesabu kwa Kijaluo, polepole, mpaka nane, na alipofika nane akaanza tena moja. Alihesabu mara tatu. Kisha akauweka uso wake juu ya meza, kando ya beseni, na sauti aliyoitoa Mokaya hakuijua namna ya kuiandika, akaacha nafasi.

Saa kumi na mbili walimtoa Mahmud kwa mlango wa nyuma. Alipoambiwa ni nani, hakushukuru. Aliuliza mtoto yuko kwa nani, akaambiwa kwa jirani, akaketi kwenye ngazi za kituo kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Shingo moja ilikuwa imetoka kitanzini na nyingine imeingia, na mkuu wa upelelezi angepata mtu wake wa Ijumaa kama alivyotaka.

Nchagwa aliingia kusema tanuri limefungwa kwa utepe wa polisi na mwalimu mkuu anataka liondolewe kabisa shuleni. Vioo vitatu vya Alhamisi vilichukuliwa kama vielelezo.

Kezia alikuwa ameinuka. Alijifuta uso kwa ukingo wa kitenge.

"Afande, wale mama Jumamosi wataningoja kwa barabara," alisema. "Sasa watachoma wapi?"

Mokaya alimtazama Nchagwa, na Nchagwa akatazama mlango. Inspekta aliliandika swali lile mwisho wa taarifa, kwa kuwa aliahidi kuandika kila neno, kisha akamgeuzia karatasi na kumwonyesha pa kutia sahihi.